Kisa cha choo namba tatu: jiki ya jioni, asidi ya asubuhi

Kisa hiki ni cha kufundishia. Gesti yenyewe, watu wake na saa zilizotajwa ni vya mfano. Kemia, vipimo na madhara si vya mfano. Na kila kiungo chake, kuanzia chupa isiyo na lebo hadi kidirisha kilichozibwa, utakikuta ukizungukia gesti chache tu za Kigoma mjini, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji.

Yaliyotokea

Gesti ina vyumba kumi na viwili. Vingine vina choo cha ndani, vilivyobaki vinatumia vyoo vitatu vya kuchuchumaa vilivyojengwa nyuma, ukuta kwa ukuta na vyumba vya wageni. Choo namba tatu kina upana wa mita 1, urefu wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.2. Kidirisha chake cha juu kimezibwa kwa boksi lililopigiliwa misumari ili mbu wasiingie. Ndani ya sinki la choo kuna gamba gumu la rangi ya kahawia, nene zaidi pale maji yanaposimama.

Jioni moja mwenye gesti anamwambia mhudumu: “Mdogo wangu, kile choo cha tatu kinatia aibu, na wageni wa treni wanaingia kesho.” Mhudumu anajibu: “Sawa mama, nitakilaza na jiki.” Anamimina nusu lita ya jiki kwenye sinki, anafunga mlango, anatundika kitambaa kwenye kitasa ili mtu asiingie. Zamu yake ikiisha anaondoka.

Asubuhi, kama saa moja na nusu, anaingia dada wa zamu ya mchana. Hakuambiwa kitu. Anaona gamba limefifia rangi lakini liko palepale. Anachukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita iliyojaa kimiminika cha njano hafifu ambacho pale gesti wanakiita “dawa ya choo”. Kilinunuliwa sokoni kwa kupimiwa kutoka kwenye dumu, hakina lebo. Anamwaga kama glasi moja. Kwa kuwa mgeni wa chumba cha jirani bado amelala, anavuta mlango nyuma yake harufu isimsumbue, anachuchumaa na kuanza kusugua.

Sinki linatoa povu kwa sauti ya kuchemka. Harufu inapanda. Macho yanawasha, koo linakaba, anakohoa. Anaendelea kusugua kwa dakika mbili hivi kwa sababu kwa kila dawa ya choo aliyowahi kutumia, ukali ndio dalili kwamba inafanya kazi. Kisha kifua kinambana kabisa, anatoka nje akiyumba. Mwenzake anaingia na ndoo ya maji “kuimaliza ile harufu”, naye anatoka akikohoa.

Dada anapewa maziwa fresh, analazwa chali kwenye mkeka uani. Baada ya saa moja anajisikia nafuu, anarudi kufua mashuka. Jioni anashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Usiku anafikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, akiwa na kikohozi chenye mate ya povu. Anawekewa oksijeni na dawa ya kupanua njia za hewa, analala wodini akiangaliwa, anapona. Kikohozi chenye mlio wa filimbi kifuani kinabaki naye kwa wiki kadhaa.

Ukimuuliza yeyote pale gesti, atakuambia alijua kwamba dawa hizi hazichanganywi. Na kweli hakuna aliyechanganya kitu kwenye ndoo. Hapo ndipo kisa hiki kinapostahili kusomwa polepole.

Gamba lile halikuwa uchafu

Chanzo cha ajali hii ni cha miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Maji ya mji wa Kigoma yanatoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili ni ya alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) inakaribia 9, yakiwa na magnesiamu na kaboneti kwa wingi. Maji ya namna hiyo yakikauka au kutuama juu ya kauri, huacha tabaka la madini. Choo kina mchango wake pia. Mkojo ukikaa, bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia. Amonia inapandisha pH zaidi, na fosfati ya mkojo inaungana na magnesiamu na amonia kuwa fuwele ngumu. Rangi ya kahawia ni chuma na uchafu ulionaswa humo. Kwa kifupi, lile gamba ni jiwe.

Jiki haiyeyushi jiwe. Sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo kiini chake, kazi yake ni kuua vijidudu na kuharibu rangi. Ukiilaza juu ya gamba inafuta rangi ya juu, gamba linaonekana jeupe kwa siku mbili tatu, kisha linanasa rangi upya. Kwa hiyo mhudumu anaamini jiki “inafanya kazi kidogo”, na kinachofuata ni kuongeza kipimo. Kutoka kifuniko kimoja hadi kikombe, kutoka kikombe hadi nusu lita ya kulaza usiku kucha. Kinachoyeyusha jiwe ni asidi, na mtu aliyekwisha kata tamaa na jiki lazima siku moja ataifikia chupa ya asidi. Swali lilikuwa tu kama sinki litakuwa limesuuzwa siku hiyo.

Kuna gesi nyingine ambayo watu wengi hawaihesabu. Jiki ikikutana na amonia ya mkojo wa zamani hutoa kloramini, nayo inakereketa macho na mapafu. Yaani hata bila asidi yoyote, jiki nyingi kwenye choo chenye mkojo uliotuama ndani ya chumba kisicho na hewa inatosha kumkohoza mtu. Mhudumu anayesema “hiki choo kikipigwa jiki kinanibana kifua” hadekezi mwili wake. Anaeleza kemia sahihi kabisa.

Hesabu ya gesi

Jiki ya dukani huwa na haipokloraiti karibu asilimia 3.5. Nusu lita ina gramu 17.5 hivi. Tuseme usiku ule nusu yake ilitumika kwenye uchafu na ikabaki gramu 8 au 9. Dawa nyingi za choo zenye asidi hutumia asidi hidrokloriki. Kwa asidi ya asilimia 10, glasi ya mililita 200 ina gramu 20 za asidi tupu, zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika kugeuza haipokloraiti yote iliyobaki kuwa gesi ya klorini. Mazao yake ya juu kabisa ni gramu 8 za klorini, karibu lita 2.9 za gesi.

Chumba kile kina ujazo wa lita 2,640. Gesi yote ikitoka hewani, ni sehemu 1,090 hivi katika kila milioni. Kiwango hicho kinaua kwa dakika chache. Haikufika huko, kwa sababu klorini nyingine hubaki imeyeyuka kwenye maji ya sinki. Lakini hata asilimia 5 tu ikipanda, tunapata sehemu 54 kwa milioni, wakati kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai na afya ni sehemu 10. Hii ni hesabu ya wastani wa chumba kizima. Klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, inatambaa chini kabla ya kupanda. Aliyechuchumaa uso ukiwa nusu mita juu ya sinki alivuta zaidi ya wastani.

Mambo mawili yaliitoa gesi majini kwa kasi, na yote mawili yalionekana kama kazi inakwenda vizuri. La kwanza ni lile povu. Asidi ikila kaboneti hutoa kaboni dayoksaidi, na mapovu yake yanapopanda yanabeba klorini. La pili ni brashi: kadiri unavyosugua, ndivyo unavyoifukuza gesi kutoka kwenye maji kuja usoni.

Pua nayo ilishindwa kazi yake. Klorini inanusika mapema, hata chini ya sehemu 1 kwa milioni, kwa hiyo kwa mtu mwingine ingekuwa kengele nzuri. Kwa mtu anayeshika jiki kila siku, harufu hiyo ni harufu ya usafi.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, haizuii gesi hata kidogo. Inazuia matone tu. Tumeona ikisisitizwa sana kwenye mafunzo ya wahudumu, na tunaona inaleta hasara, kwa sababu aliyeivaa hukaa ndani muda mrefu zaidi akijiona amekingwa.

Chupa isiyo na lebo

Sokoni Kigoma, kama ilivyo miji mingine, dawa za usafi zinapimwa kutoka kwenye dumu kuingia kwenye chupa za maji. Bei ni nafuu na hatumlaumu mama anayenunua hivyo. Lita moja yenye chapa inaweza kumgharimu zaidi ya mara mbili. Tatizo ni kwamba mnunuzi hawezi kujua vitu viwili anavyohitaji kuvijua: ni nini, na kina nguvu gani.

Chukua jiki. Joto na jua vinaivunja. Ikikaa wiki kadhaa kwenye chupa inayopitisha mwanga, nje ya kibanda, nguvu yake inashuka, na mtumiaji anazoea kumwaga nyingi. Siku muuzaji akileta dumu jipya, kipimo kilekile cha mkono kinatoa nguvu maradufu. Asidi ni kinyume chake: haichoki. Asidi ya dumu inaweza kuwa ya asilimia 10, inaweza kuwa ya 30, na ile ya 30 hutoa moshi mweupe hafifu ukifungua kifuniko. Asiyeijua ataisifia kwamba “hii ni kali kweli”.

Kuna kitu cha tatu kinachosahaulika kabisa: sabuni ya maji ya kutengeneza nyumbani. Resipi inayofundishwa kwenye vikundi vingi inaanza na asidi ya salfoniki, kisha sless (kemikali ya kutoa povu), kisha magadi ya kuizimua asidi, chumvi ya kuongeza uzito, na rangi na pafyumu. Magadi yakipungua, sabuni inabaki na asidi. Inatoa povu vizuri, inanukia vizuri, lakini mikono inachubuka. Na ukiitia jiki ili “isafishe na kuua vijidudu kwa pamoja” inatoa klorini kama ile ya choo namba tatu, japo polepole zaidi. Anayetengeneza sabuni hii kwa biashara anunue karatasi za kupimia pH. Sabuni ya vyombo na sakafu isomeke kati ya 7 na 9. Ikisoma 3 au 4, yeyusha magadi kwenye maji kwanza, ongeza kidogo kidogo huku ukikoroga, pima tena. Na hata ikisoma sawasawa, jiki isitiwe humo. Vivyo hivyo kwa siki, ndimu, na asidi ya limao ya kutengenezea juisi: zote ni asidi, zote na jiki zinatoa klorini. Spiriti na jiki nazo zisikutane, maana mchanganyiko wao hutoa klorofomu.

Na kuna hatari nyingine ya chupa ya maji ambayo haikutokea siku ile pale gesti lakini hutokea majumbani: mtoto mwenye kiu. Akinywa jiki, asidi au kostiki soda, asitapishwe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Suuza mdomo, mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kutoka saa mbili asubuhi hadi usiku

Klorini ikigusa unyevu wa njia za hewa inageuka asidi hidrokloriki na asidi haipoklorasi. Inaunguza macho, pua na koo papo hapo, lakini haiyeyuki upesi kiasi cha kuishia huko juu. Sehemu yake inafika chini kabisa ya mapafu. Huko, kuta za vifuko vya hewa huanza kuvuja taratibu. Mtu anaweza kupata nafuu ya saa kadhaa kisha mapafu yakajaa maji, hata kabla ya saa 24 kutimia. Ile nafuu ya saa tatu asubuhi ndiyo iliyomrudisha dada kwenye mashuka, na kazi ya kukamua nguo ilimlazimisha kuvuta hewa nyingi kwa mapafu yaliyojeruhiwa. Alipaswa kukaa bila kazi, akiangaliwa na mtu, siku nzima.

Maziwa hayakumsaidia. Yanaenda tumboni, gesi iko mapafuni. Kwa mtu anayekohoa kwa nguvu yanaweza kumpalia na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kumlaza chali nako kulimzidishia. Anayebanwa na pumzi akae, mgongo umeegemea, nguo za kifuani zimelegezwa.

Kilichopaswa kufanyika ni hiki. Atoke mara moja, aende kwenye upepo, mbali na mlango wa choo. Avuliwe nguo zilizorukiwa. Macho yasuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa. Jagi na mtu wa kulimimina vinatosha pasipo na bomba. Choo kiachwe wazi, asiingie mtu kwa muda usiopungua saa moja. Mwenzake aliyeingia na ndoo alikuwa na nia njema, na angeweza kuanguka mle ndani. Maji ya kusuuza yatamwagwa baadaye, gesi ikishatoka. Tena yawe maji tu. Magadi au dawa nyingine ya “kuizimua” inaongeza povu na kuifukuza gesi iliyobaki.

Hospitali aende nani? Yeyote anayeendelea kukohoa baada ya nusu saa ya hewa safi, anayebanwa kifua, mwenye pumu, mjamzito, mtoto, mzee, au aliyebaki ndani zaidi ya dakika moja. Kwa kipimo hicho dada alipaswa kuondoka asubuhi ileile. Akifika, maneno yanayomsaidia daktari ni machache: jiki na asidi, chooni, mlango umefungwa, dakika mbili, saa fulani. “Amevuta dawa” hakumwambii kitu. Mtu aliyevuta dawa ya mbu na aliyevuta klorini hawaangaliwi kwa namna moja.

Kikohozi cha wiki kadhaa nacho kina maelezo. Dozi moja kubwa ya gesi inayochoma inaweza kuacha njia za hewa zikiwa nyepesi kubana kama za mwenye pumu. Akirudishwa kwenye jiki na vumbi wiki inayofuata, hali hiyo inakaa zaidi. Apewe kazi nyingine.

Kilichoshuka shimoni

Asidi na jiki vilivyobaki vilisuuzwa hadi kwenye shimo. Hapa tuseme ukweli bila kutia chumvi: kitendo cha siku moja hakiui shimo wala ziwa. Haipokloraiti ikikutana na kinyesi inaisha haraka, sehemu kubwa ikigeuka chumvi ya kawaida, sehemu ndogo ikiungana na uchafu kuwa misombo ya klorini inayodumu. Tatizo ni desturi. Vyoo vitatu vikilazwa na nusu lita kila usiku, ni lita moja na nusu kwa siku inayoingia kwenye tangi dogo ambalo linategemea bakteria kumeng'enya taka. Bakteria wakidhoofika, taka zinabaki kama zilivyoingia: harufu inazidi, tangi linajaa kabla ya wakati, maji yanayotoka ni machafu zaidi, na mwenye gesti anaita gari la kunyonya mara kwa mara bila kujua kwamba analipia jiki mara mbili. Asidi nayo inatafuna saruji ya tangi na maungio ya vigae.

Kibaya zaidi ni pale maji ya kuoshea sakafu yanapomwagwa kwenye mtaro. Kigoma imejengwa kwenye miteremko, mitaro yake inaelekea ziwani. Mwongozo wa Marekani wa kulinda viumbe wa maji baridi unataka klorini isizidi mikrogramu 19 kwa lita hata kwa muda mfupi. Nusu lita ya jiki mbichi ina klorini ya kutosha kuvuka kiwango hicho katika lita zaidi ya 800,000 za maji safi. Mtaroni uchafu unaimaliza kabla haijafika mbali, ndiyo. Lakini pale mtaro unapomwagia, kwenye maji ya kina kifupi yenye mawe ambako samaki wengi wa ziwa hili huzalia na kulea vifaranga, umbali huwa ni mfupi.

Sabuni ina njia yake ya kuumiza. Viambata vyake, yaani kemikali zinazotoa povu na kung'oa mafuta, huvunjwa na bakteria palipo na oksijeni. Pasipo na oksijeni baadhi yake vinakaa muda mrefu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu. Maji yake mengi yanaondoka kwa mvuke, machache kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakina mlango mpana wa kutokea, na ndilo ziwa linalotoa dagaa, migebuka na maji ya bombani.

Hatusemi jiki iachwe. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji cha mwambao wa ziwa karibu na mpaka wa Burundi, klorini ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyookoa watu, na mkoa unaopokea wasafiri wa meli, treni na mipakani utaihitaji tena. Ni kwa sababu hiyo inafaa itumike pale inapoua vijidudu, kwa kipimo, badala ya kumwagwa kwenye mawe.

Choo kile kingesafishwaje

Ng'oa boksi kwenye kidirisha, weka wavu wa mbu mahali pake. Mlango uwe wazi muda wote wa kazi. Mgeni aliyelala aombwe radhi au kazi isogezwe saa nne. Glavu za mpira, mabuti, miwani ya plastiki.

Kabla ya kumimina chochote, suuza sinki kwa ndoo mbili za lita 10. Kila mara, hata kama umeambiwa halina kitu. Hatua hii peke yake ingeizuia ajali ya choo namba tatu, kwa sababu haitegemei kumbukumbu ya mtu wa jioni. Kisha sukuma kwa brashi maji yaliyosimama kwenye kona ya bomba la sinki yapungue, mwaga asidi yenye lebo mililita 100 ukiizungusha juu ya gamba, toka nje dakika 10 hadi 15, rudi usugue, suuza kwa ndoo mbili. Gamba nene halitoki siku moja. Rudia baada ya siku chache badala ya kuongeza kipimo. Asiyetaka asidi kali atumie asidi ya limao: gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto, ilale usiku kucha. Inachelewa, lakini haitoi moshi na haimtoboi mtu nguo. Nayo pia isuuzwe kabla ya jiki kuja.

Jiki ije siku nyingine, na kwa kipimo. Osha kwanza kwa sabuni na suuza, kwa kuwa uchafu huinywa klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa sakafu na vitasa, mililita 30 za jiki ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji, ambayo ni takriban asilimia 0.1. Palipo na matapishi, kuhara au damu, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, yaani asilimia 0.5. Iache dakika 10. Maji yawe ya baridi. Kilichochanganywa leo kimwagwe leo. Kesho kitakuwa kimepungua nguvu.

Makabidhiano ya zamu yasiwe ya mdomo. Kibao kidogo chenye maneno “Jiki ndani, saa 12 jioni” kinachotundikwa kwenye kitasa kinaeleza kile ambacho kitambaa hakikuweza kueleza. Jiki na dawa ya asidi zikae rafu tofauti, na zisishikwe na zamu moja. Mwenye gesti anayeweza kupangilia mashuka kwa rangi anaweza kupangilia hili.

Kwa upande wa sheria, kemikali hizi ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usalama wa mhudumu uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka huohuo. Mwajiri wa Tanzania Bara, hata wa gesti ya vyumba vichache, anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni wake, haukatwi kwenye mshahara. Dada wa kisa hiki aliumia akiwa kazini. Matibabu yake na siku alizokosa kazi ni madai halali, na kinachoyapa nguvu ni taarifa iliyoandikwa siku ileile na cheti cha hospitali kinachotaja gesi.

Imebaki ile chupa ya njano. Isinuswe, isirudishwe rafuni. Peleka nje, vaa glavu na miwani, dondoshea tone moja juu ya saruji tupu: ikitoa povu ni asidi. Jaza ndoo maji nusu, mimina asidi ndani ya maji taratibu, kamwe si maji ndani ya asidi. Ongeza magadi kijiko kwa kijiko hadi povu likome, kisha mwaga kwenye choo ambacho hakijatiwa jiki na kimesuuzwa. Chupa itobolewe kwa msumari ili isiokotwe ikarudi sokoni kupimiwa kitu kingine.